Asali Ina Kwao

Mfugaji nyuki wa Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, akikukaribisha uone mizinga yake, jiandae kutazama miti kwanza. Atasimama chini ya mmoja, aguse gome, kisha ainue uso na kuyachungua matawi ya juu kwa muda mrefu kiasi cha kumfanya mgeni aanze kuangalia saa. "Mtundu huu umechelewa," atasema, na kusogea hadi mwingine. Mizinga iko mbele kidogo, imening'inia, na mvumo wa nyuki unasikika, lakini yeye hana haraka nayo. Habari za mavuno ya mwaka huu ziko kwenye yale matawi, na hapo ndipo anapozisoma.

Nimewafuata wafugaji wa ukanda huu porini, na kila mara nimerudi na heshima kubwa zaidi kwa jambo moja: hawadai kwamba wao ndio wanaotengeneza asali. Ukimsifu mmoja wao kwa asali tamu, sifa anaihamishia pori. Mgeni anaweza kudhani huo ni unyenyekevu tu, kumbe ni maelezo sahihi ya kazi. Nyuki hutengeneza asali kutokana na kile kilichopo mahali walipo: miti, mvua, udongo, joto, upepo. Ufundi wa binadamu ni kupajua mahali hapo kwa undani, kuweka mzinga panapostahili, kufika wakati unaofaa, na kujua cha kuacha.

Tuanze na pori lenyewe. Miombo ni misitu ya miti iliyoachana kiasi cha kuruhusu nyasi kuota chini yake. Imeenea kuanzia magharibi na kusini mwa Tanzania hadi Zambia, Kongo, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Angola, na miti yake mingi ni ya jamii ya kunde. Tabora hupata mvua kwa msimu mmoja, tangu Novemba hivi hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukame wa miezi sita. Mtu angetarajia miti isubiri mvua ndipo ichipue. Miombo haisubiri. Mwezi Agosti na Septemba, ardhi ikiwa vumbi tupu na nyasi zimekwisha kuungua, miti hutoa majani mapya mekundu kwa kutumia maji iliyojiwekea na yale ambayo mizizi inayafikia chini sana. Kwa wiki chache pori lote huwa na rangi ya shaba, kisha hugeuka kijani, na mvua ndiyo kwanza inakaribia.

Kwa nyuki, ujanja huo wa miti ndio uhai. Mti wa mtundu huchanua mapema, kati ya Septemba na Novemba. Mti mwingine, muba, huja baadaye, mvua zikielekea ukingoni, Februari hadi Aprili hivi. Katikati ya hiyo miwili hupita mninga kwa maua yake ya njano, mizambarau ya porini kando ya mito, vichaka na magugu ya kila namna. Kwa hiyo Tabora ina mavuno mawili: madogo ya Novemba na Desemba, na makubwa yanayoanza Mei na kuendelea hadi Julai. Asali ya mavuno ya kwanza na ya pili hutofautiana rangi na harufu ingawa mzinga ni uleule, mti uliobeba mzinga ni uleule, na kundi la nyuki ni lilelile. Kilichobadilika ni ua.

Mfugaji mzoefu anaibeba kalenda hii kichwani pamoja na kasoro zake. Mvua kubwa ikipiga wakati muba umechanua, mbochi, yale maji matamu ya ua, huoshwa na nyuki hushinda ndani. Moto wa mwishoni mwa kiangazi ukipita Septemba au Oktoba, huwa mkali kiasi cha kuunguza machipukizi na maua yaliyokuwa yanajiandaa. Ndiyo maana wafugaji huchoma nyasi mapema, Mei au Juni, zikiwa bado na unyevu, ili moto upite kwa upole na kuunyima kuni ule moto wa baadaye. Ukimkuta mfugaji nyuki anachoma pori, usikimbilie kumlaani. Muulize ni mwezi gani.

Sasa tumwangalie nyuki. Mbochi inayotoka kwenye ua ni maji yenye sukari. Mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Nyuki huibeba katika kifuko cha tumboni, huichanganya na vimeng'enya vinavyoivunja sukari ya mimea kuwa glukosi na fruktosi, huihamisha kwa mwenzake ndani ya mzinga, na mwishowe huitandaza katika vyumba vya sega. Hapo huanza kazi ya kupepea. Maelfu ya mabawa husukuma hewa mzingani usiku na mchana mpaka maji yapungue na kuwa chini ya asilimia 20 hivi, ndipo nyuki hukifunika kila chumba kwa nta. Mfuniko huo mwembamba ndio muhuri wa nyuki kwamba asali imeiva.

Mazingira yanaingia hata katika kupepea huko. Hewa kavu ya Tabora mwezi Juni huchukua maji upesi. Kwenye mlima wenye ukungu au pwani yenye unyevu, nyuki walewale wangepepea kwa muda mrefu zaidi na asali ingebaki nyepesi. Asali pia hunyonya maji kutoka hewani. Ikiachwa wazi siku ya mvua hulainika, chachu huamka, na baada ya muda inaanza kutoa povu. Anayelina mvua ikinyesha anaweza kuharibu katika saa moja kazi ambayo nyuki wameifanya kwa wiki kadhaa.

Kuna hesabu moja ambayo kila mfugaji anaijua hata kama hajawahi kuiandika. Nyuki kwa kawaida hutafuta chakula ndani ya kilomita 3 hivi kutoka mzingani, ingawa akibanwa na njaa huenda mbali zaidi. Chora duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 3 na utapata kilomita za mraba 28, yaani hekta 2,800 hivi. Hakuna mkulima mdogo mwenye shamba la ukubwa huo. Mzinga mmoja, basi, unavuna kutoka ardhi ya kijiji, hifadhi ya msitu, bonde la mto na shamba la jirani kwa wakati mmoja. Jirani akipulizia dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi, nyuki ndio watakaoleta habari nyumbani, na wengi hawatafika.

Nyuki mwenyewe naye amechongwa na nchi. Wale wa nyika na miombo wa Afrika Mashariki wanajulikana kwa wanasayansi kwa jina la scutellata. Ni wadogo kuliko wa Ulaya, wepesi wa kuzaliana, wakali wakiguswa, na hawana mapenzi na nyumba: maua yakiisha au ukame ukizidi, kundi zima hufunga safari na kuacha mzinga mtupu. Katika nchi ambayo chakula huhama pamoja na mvua, nyuki anayeng'ang'ania nyumba hufa njaa. Na katika pori lenye nyegere, siafu na binadamu mwenye mwenge, nyuki mpole hakuacha kizazi.

Mlimani mambo ni mengine. Kwenye misitu ya juu ya Kilimanjaro na Meru kuna nyuki weusi zaidi, wakubwa kidogo, wenye manyoya marefu, watulivu, wasiohamahama. Pwani wapo wengine tena, wadogo. Francis G. Smith, aliyekuwa afisa wa ufugaji nyuki Tanganyika, ndiye aliyewaeleza kisayansi wote wawili mwaka 1961: wa mlimani akawapa jina monticola, wa pwani litorea. Kwa saa chache za basi na nusu siku ya kupanda mlima unapita nchi tatu za nyuki.

Dunia ilijifunza kwa gharama kwamba tabia hizi ni za mahali. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, alipeleka kwao malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Nyuki wa Ulaya walikuwa hawaiwezi tropiki ya Brazil, naye alitaka damu inayoihimili. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Nyuki hao walijikuta katika joto na mvua wanazozifahamu, wakaenea kaskazini mwaka hadi mwaka, na mwaka 1990 wakavuka mpaka wa Mexico na kuingia Texas. Magazeti ya Marekani yaliwaita nyuki wauaji. Mzee wa Sikonge hujifunga shuka kichwani, huwasha mwenge wa gome kavu, na kwenda kuwatembelea jioni.

Kwa nyuki wa tabia hiyo, mzinga lazima uwe wa aina yake. Nimekaa karibu na fundi akichonga wa gogo. Huchagua gogo lililonyooka lenye urefu wa mita moja na ushee. Mninga unapendwa kwa sababu haupasuki ovyo wala mchwa hawaukimbilii, ingawa siku hizi kuukata kunahitaji kibali na wengi hutafuta mti uliokwisha kuanguka. Hulipasua kwa urefu kwa kabari, akigonga upande huu na ule ili ufa usikimbie nje ya mstari. Kisha huchukua tezo. Kila nusu huchimbwa ndani mpaka ibaki kingo yenye unene wa vidole viwili hivi. Hapo mkono unakuwa wa taratibu. Kingo ikiwa nyembamba mno, jua la Oktoba litapita na masega yatalainika. Ikiwa nene mno, mzinga hautapandishwa na mtu mmoja. Nyuki wanahitaji joto la nyuzi 34 au 35 pale wanapolelea majana, yaani watoto wao, mchana na usiku, na unene wa ule mti ndio unaowasaidia kulishika. Fundi hana kipimajoto. Hugonga kingo kwa kifundo cha kidole, husikiliza, huongeza tezo mara mbili, hugonga tena.

Nusu mbili zikikamilika hukutanishwa na kufungwa, mianya huzibwa, na tundu dogo huachwa mahali pa kuingilia, dogo kiasi kwamba walinzi wachache wanaweza kulishika. Mwisho fundi husugua nta na gundi ya nyuki ndani ya mzinga, akikazia pale anapotaka sega la kwanza lianzie. Hanunui nyuki wala hawakamati. Harufu hiyo ndiyo mwaliko, na kundi la nyuki likipita litaamua lenyewe.

Mizinga ya kisasa ya viunzi vya juu nayo imelazimika kumsikiliza nyuki wa hapa. Nyuki wa Ulaya hupanga masega yake yakiwa yameachana milimita 35 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Wetu, kwa udogo wake, hutaka 32. Seremala akikata viunzi kwa kipimo cha Ulaya, nyuki watajenga masega mshazari, wakiunganisha kiunzi na kiunzi, na siku ya kulina kila kitu kitatoka kimevunjika. Milimita tatu ndizo zinazotenganisha mzinga unaofanya kazi na sanduku la hasara. Fundi mzuri hukata kiunzi cha kwanza kwa uangalifu, kisha hukitumia hicho kama kipimo cha vyote vinavyofuata.

Baada ya kuchonga huja kutundika, na kwa maoni yangu hapa ndipo mfugaji bora hujitenga na wa kawaida. Hutafuta kivuli, lakini kisiwe kizito cha kuhifadhi ukungu. Hutafuta maji karibu, kwa sababu nyuki wakati wa joto huyabeba na kuyatandaza mzingani ili kupoza. Huepuka njia ya watu na ya ng'ombe. Mdomo wa mzinga huuelekeza mbali na upepo wa kiangazi. Huutundika kwa waya au kamba ndefu kutoka tawini, ukae mbali na shina, maana nyegere ni mpandaji hodari na siafu wanapanda kuliko yeye. Mizinga mingine hukaliwa kabla ya mwezi kuisha. Mingine hukaa mitupu msimu mzima. Mfugaji mwenye busara hailaumu; huishusha na kuihamisha.

Mavuno niliyoyashuhudia kwa ukaribu yalikuwa ya Juni, jua likiwa limezama na baridi ya Tabora imeanza. Mzee mmoja mfugaji alipanda, mjukuu wake akafuata na ndoo yenye mfuniko. Kabla ya kufungua, mzee aliweka sikio ubavuni mwa mzinga na kugonga mara moja, kama daktari anayesikiliza kifua. Alitikisa kichwa kuafiki. Moshi aliutoa kidogo, wa gome na majani makavu, akiusukuma kwa pumzi taratibu. Moshi mwingi huingia kwenye asali na hautoki tena. Nyuki walirudi nyuma, wakakusanyika upande wa majana. Alikata sega la pembeni kwa kisu na kulinyanyua kwenye mwanga wa tochi. Lilikuwa jeupe la nta mpya, limefunikwa karibu lote. Likaingia ndooni. La pili vivyo hivyo. La tatu mjukuu aliliwahi.

"Babu, na hili?"

"Hilo bado halijaiva, mjukuu wangu. Tazama chini, limeachwa wazi."

Kijana aliligeuza. Theluthi moja tu ya vyumba ilikuwa imefunikwa. Kwingine mbochi ilikuwa iking'aa, ikitaka kudondoka.

"Lakini lina asali nyingi, babu."

"Lina maji mengi. Lirudishe lilipokuwa."

Masega yaliyofuata yalikuwa ya rangi ya udongo, yenye majana. Mzee hakuyagusa. Baada yake kulikuwa na mengine yenye asali iliyoiva kabisa, nayo aliyaacha. Kuanzia Julai hadi mtundu utakapochanua ni miezi ya njaa, na nyuki asiyeachiwa akiba ataondoka. Mlina asali mwenye tamaa hukomba mzinga mara moja na kuutazama ukiwa mtupu mwaka unaofuata. Kilichonigusa ni kwamba mzee hakutoa hotuba yoyote juu ya hayo. Alifunga mzinga, akazima mwenge, akashuka.

Nyumbani kazi iliendelea kwa utulivu uleule. Masega meupe yaliwekwa peke yake, mazito ya zamani peke yake. Yale meupe yalikatwakatwa na kuachwa yachuruzike yenyewe kupitia kitambaa safi hadi kwenye ndoo ya plastiki ya vyakula. Pipa la chuma halifai, kwa sababu asali ina asidi inayokula chuma. Hakuna moto uliowashwa. Asali iliyochemshwa ili ikimbie upesi hupoteza harufu ya ua, na harufu hiyo ndiyo inayotofautisha asali ya muba na ya mtundu. Nta ilichemshwa baadaye na maji, ikakamuliwa, ikamiminwa kwenye bakuli kuwa donge la njano. Nta ya nyuki ilikuwa ikisafirishwa kutoka nchi hii kwenda Ulaya tangu enzi za Wajerumani.

Ukitoka Tabora ukaenda kwingine, unakutana na asali nyingine. Singida, nchi ya alizeti, nyuki wakiwa karibu na mashamba hutoa asali inayoganda upesi, wakati mwingine kabla haijafika sokoni. Nyanda kavu za migunga, kama Kitui na Baringo upande wa Kenya, mara nyingi hutoa asali ya rangi nyepesi. Kwenye mikoko, mchu ndio unaowapa nyuki mbochi, na asali yake ina ladha ambayo mtu wa bara huitambua mara moja kuwa si ya kwao. Penye miti mingi ya jamii ya mnyaa, asali huweza kuwasha koo, na wenyeji hujua msimu wa kuiacha. Halafu kuna nyuki wadogo wasiouma, wanaoishi kwenye mashina na nyufa za kuta hadi Unguja na Pemba. Asali yao ni chache, nyepesi, yenye uchachu, na wengi huitunza kwa dawa.

Tofauti hizi zimetambuliwa hata na kanuni za kimataifa. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinataka asali iwe na maji yasiyozidi asilimia 20. Vinapima pia kemikali inayofupishwa HMF, ambayo huongezeka asali ikipata joto au ikikaa muda mrefu. Kikomo chake ni miligramu 40 kwa kilo, lakini kwa asali iliyotajwa kuwa ya nchi za tropiki kikomo ni 80, kwa kuwa huku joto lipo hata bila jiko. Kanuni inakubali kwamba asali ina kwao.

Soko letu ndilo bado linasitasita kukubali. Tanzania ni ya pili Afrika kwa uzalishaji wa asali, baada ya Ethiopia, lakini nenda dukani usome lebo: asali safi, asali halisi, asali ya asili. Ya pori gani? Ya mwezi gani? Kimya. Wachuuzi humwaga asali ya muba, ya alizeti na ya kando ya mto katika pipa moja, iliyoiva na isiyoiva, kisha huichemsha ili isigande. Kinachotoka ni kitamu, ndiyo, lakini hakina kwao. Na mteja naye amefundishwa vipimo vya uongo. Huchovya kiberiti, humwaga tone mchangani, na akiikuta imeganda hulalamika kwamba imetiwa sukari. Asali kuganda ni jambo la kawaida. Yenye glukosi nyingi huganda mapema, na hilo hutegemea ua. Ukitaka iwe maji tena, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu na usiharakishe.

Ikiwa mahali ndipo panapofanya asali, basi anayeharibu mahali anaharibu asali, na Tabora hilo linaonekana kwa macho. Tumbaku imelimwa hapa kwa miongo mingi, na kuikausha kunataka kuni. Mashamba husogea, mifugo hufika, mtundu na muba huanguka. Zamani mbung'o waliwafukuza watu na ng'ombe na bila kukusudia wakalilinda pori. Sasa kinga hiyo imepungua. Wafugaji nyuki nao wana la kujibu: mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuuvua mti koti lake lote, na mti huo hufa. Wengi wameuacha, na wanaoendelea nao wanastahili kuulizwa. Hata hivyo, mtu anayetegemea maua ya muba ana sababu ya kila mwaka ya kutaka muba usimame, na sijaona mlinzi wa msitu mwenye sababu bora zaidi. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inaruhusu kutenga hifadhi za nyuki, na zipo zilizotengwa, mfano ile ya Aghondi huko Manyoni. Zinahitajika nyingi zaidi, na ndani ya vijiji, si mbali navyo tu.

Kwa msomaji nina ombi dogo. Safari ijayo ukinunua asali, usianze na bei wala kiberiti. Muulize muuzaji imelinwa wapi, mwezi gani, na miti gani ilikuwa imechanua. Akijibu, lipa anachotaka, maana ameifahamu kazi yake. Akishindwa, mrudishie chupa. Maswali hayo matatu yakizoeleka sokoni, yule mzee anayerudisha sega lisiloiva mahali pake ataanza kulipwa kwa subira yake, na mtundu na muba itapata mtetezi mwenye pesa mfukoni.